Neno yenye simu haikuona

Tangu tulimuzika Numbi, nasikia haya kupita mbele ya kanisa. Nazungukiaka kule nyuma, fasi ya bamama ya kuuzisha makala, hata kama kuko matope, hata kama miguu inauma. Batoto yangu banasema, “Mama iko na huzuni, mumuache.” Huzuni iko, sikatae. Numbi alikuwa rafiki yangu tangu tuko bibi-harusi ya jana. Lakini yenye inanipitisha mu ile njia ya makala haiko huzuni, iko haya, na ile haya ilianza mu mwaka moja yenye nataka kuongea. Bengine, ukibalomba baongee mwaka yenye ilibageuza, banakutolea bujana yabo: dansi, mupira, muume ya kwanza. Mie ya kwangu ilinikuta niko na bajukuu, meno imeshapungua, nafikiri nilishamaliza kujifunza mambo ya dunia. Ilikuwa ile mwaka Kitabu iliacha kulala ku manyumba yetu, hapa mu quartier Hewa Bora.

Banyie ya siku hizi pengine hamukuona ile desturi. Shirika yetu, ni kusema bantu ya ma-avenue yetu yenye banasali pamoja kila wiki ku nyumba ya muntu, ilikuwa na Biblia moja tu, kubwa, ngozi mweusi, imeshakunywa mafuta ya mikono ya bantu mpaka inang'aa. Kiisha kusali, ile Kitabu haikuwa inarudia ku kanisa. Ilikuwa inabaki kwa mwenye nyumba wiki nzima, mpaka tusali kwa mwingine. Unaifunga mu kitenge ya mupya, unaiweka ku kameza yake, kitambaa ya crochet chini, buji inawaka pembeni. Na ile wiki munaishi kama munapokea mugeni mukubwa. Hakuna matukano. Redio chini. Bukari inaiva mapema, na hata kama munakula majani ya lenga-lenga tu, munakula na adabu. Muume ya Numbi, mwenye alikuwa anarudiaka na pombe mu kichwa, wiki ya Kitabu alikuwa anapita na mulango ya nyuma, viatu mu mikono. Numbi anamuuliza, “Unaongopa nani?” Yeye, kasauti ya chini: “Ule mwenye iko mu salon.” Tulicheka ile neno miaka. Leo naiwaza, sicheki sana. Ule mulevi alijua kintu: ukiona kintu kinakaa mu nyumba yako, kina fasi yake, kina nguo yake, unajichunga.

Mie sikusoma. Sikufichaka, bote balijua. Lakini niko na masikio yenye inashika. Muntu akiongea mbele yangu mara moja, nabaki naye, na sauti yake, na kikohozi yake, mpaka nitakufa. Kiisha catéchiste yetu, Ba Célestin, kufariki, na bamama ya shirika macho haione tena ao masomo haikukuwako, njo mie nilianza kusoma. Kusoma ya kinywa. Banafungua Kitabu ku magoti yangu, natia mikono juu, natosha sauti: padri muzungu ya zamani mwenye alikuwa anaongea kama iko na mufupa mu koo, sista mwenye kila neno yake ilikuwa inaomba musamaha, na zaidi ya yote Ba Célestin, na ile namna yake ya kuvuta mwisho ya neno kama muntu anavuta kiti mu ciment. Napindua na page, juu ya heshima. Siku moja Kitabu ilikuwa kichwa chini, Numbi akainama mu sikio yangu: “Geuza, Masengo, bale bakubwa ya ndani batapata kizunguzungu.” Tulikuwa ivyo. Tulicheka mu maneno ya Mungu, na maneno ya Mungu ilibakia.

Kulikuwa neno moja yenye nilikuwa nasema juu ya Numbi peke yake. Mutoto yake ya kwanza alitoka hana sauti, wakati Numbi na muume banatoka tu kufika na treni kutoka kwetu kule nord. Hakubatizwa. Ile wakati sheria ilikuwa kali. Ba Célestin alikatala kufika ku kaburi, alikatala na musalaba. Alisema ile mutoto hana jina mu kanisa, sasa Mungu atamuita nani? Muume ya Numbi na jirani moja balimubeba mu carton ya sabuni, bakaenda bo babili. Numbi alibaki ku kitanda, maziwa inatoka, hana mwenye kunyonya. Ile, hakuongeaka. Nilijua juu nilikuwa nafua nguo zake.

Miaka ikapita. Siku moja tunasali kwangu, Ba Célestin anasoma, mie niko natazama sufuria na jicho moja, na mu kusoma kwake nikasikia: “Mutoto mwenye bantu habakumupa jina, Mungu anamuita na ile yenye mama yake alimuita mu tumbo.” Numbi alikuwa karibu na mulango, anachambua majani ya sombe ya jioni. Mikono yake ikasimama. Bantu bakimaliza kutoka, akaniambia, “Masengo, ile ya mwisho. Rudilia.” Nikarudilia, na sauti ya Ba Célestin, na kile kiti yake mu ciment. Akanilomba tena kesho. Tangu pale, kila mwezi ya bafu, njo novemba, na siku yote yenye moyo inamuanguka, anakuya anakaa: “Soma yangu.” Anasema tu ivyo, yangu. Alikuwa na jina yenye alimuita ule mutoto mu tumbo, hakumuambia muntu, hata muume. “Mungu iko nayo,” anasema. “Inatosha.” Na kweli niliona inatosha. Alizaa bengine, alilima, alinenepa, aligombana na bantu ya soko. Muntu mwenye anasimama, unamuona iko anasimama juu ya kintu.

Halafu ile mwaka tukachagua Mama Bibiche kuwa présidente. Mama ya bureau, anatumika kule Kasapa ku université, parfum yake inafika mbele, yeye anafuata. Haiko muntu mubaya, nisimuonee. Ukifiwa, yeye njo anafika ya kwanza na sukari na mukate. Lakini ile sauti, ile Mungu alinipa zawadi. “Chers frères et sœurs,” mu mapua, “tufungue ma-téléphone yetu.” Biblia yote iko mu simu, anasema, ku Swahili, ku français, hata ku Kiluba, juu ya nini tunabeba muzigo mu mvula? Bantu bakaona iko na haki. Kitabu ikarudia ku kanisa, mu kabati, bakafunga na ufunguo. Tukaanza kusali na batterie. “Niko na kidogo tu, bapendwa, tusome mbio.” Zaburi inakimbia kama mwizi. Ao katikati ya Evanjili publicité ya mafuta ya nywele inatokea, Bibiche anaisukuma na kidole, “Pardon, Bwana,” na anaendelea. Nilikuwa napita ku bamama kiisha, naigiza, banashika mbavu. Sikuona yenye ilikuwa inakuya. Zamani neno ya Mungu ilikuwa inatoka ku kinywa ya muntu, unamutazama, unajua hata alikula nini muchana. Sasa kila muntu anainamisha kichwa ku yake, na kama mie naongea, vidole inatembea, inanifuata nyuma. “Mama Masengo, apa uliruka.” “Mama Masengo, kwangu banaandika ingine.” Na heshima, na kicheko ndogo. Mie nikajibu, “Basi ile simu imuzae mutoto yake.” Bakacheka. Lakini nilianza kuongea chini chini.

Mu mwezi ya bafu tulisali kwa Numbi. Alikuwa alipika tangu asubuhi, bukari na samaki ya bitoyo, nyanya mingi, harufu inafika mu salon. Tulikaa, na saa yake ilifika, akanitazama tu. Nikasema neno yake. Ba Célestin muzima, na kuvuta yake yote. Na Bibiche, na roho yake ya kupenda bantu, machozi mu macho, akasema:

“Mama Masengo, ile iko ya kupendeza sana. Nataka kuitia mu groupe, na maua nyuma. C'est quel chapitre?”

“Mie najua sauti,” nikamuambia. “Sijue namba.”

“Hakuna shida. Simu itatafuta.” Akaandika. Akangojea. “Attendez, attendez, inatafuta.” Halafu akasoma polepole, kama anasoma mustari ingine ya Biblia: “Aucun résultat.”

“Inasema nini?” Numbi akauliza.

“Inasema haioni, mama. Pengine ku Swahili banatumia maneno ingine. Nijaribu ku français.” Akajaribu. Akajaribu na Kiluba, na herufi kidogo, na neno moja moja. “Iko moja inakaribia. Ya nabii.” Akaisoma.

Numbi alisikiliza mpaka mwisho, mikono mu magoti. “Ile Mungu iko anaongea na muntu mukubwa,” akasema. “Yangu iko ya mutoto. Tafuta tena.”

“Simu ya présidente ni ya zamani,” sauti moja ikatoka nyuma. “Ngojea, ya kwangu.” Bote bakatosha simu. Nyuso yote ya ile salon ilipata mwangaza ya simu, kila muntu anasukuma kidole, na bakaanza kujibu moja moja, kama bantu banarudia kutoka kutafuta mutoto mwenye alipotea mu quartier. “Kwangu haiko.” “Na kwangu.” “Mie pia nilifika mpaka mwisho.” Nilikuwa nafikiri kintu ya kuchekesha. Niko na sauti ya bantu bote, sikupata hata moja. Numbi akasimama, akaenda kuleta chakula. Akagawia bageni, akagawia batoto, akagawia Bibiche mukia muzuri ya samaki. Ya kwangu ikawa ya mwisho. Aliiweka mu mikono yangu, hakunitazama. “Kula, Masengo,” akasema. “Ulichoka na kusoma.”

Ile sahani nilishindwa kuimaliza. Hata leo, nikisikia harufu ya bitoyo na nyanya, uso unawaka moto.

Kesho yake nilikuwa mu jikoni yangu, nasonga bukari, na nilikuwa naongea peke yangu. Nilitaka kujua neno ilitoka wapi. Juu kusema naliitunga, hapana. Mie situngaki, mie naiga. Sasa nikamuita Ba Célestin ile jioni tangu mwanzo: anaingia, anasafisha koo, anafungua, anasoma. Nikasoma naye. Nikafika pale, na nikaona mukono yangu inapanda ku uso, inatosha miwani, inaikunja, inaitia mu mufuko ya shati. Mie sivalaki miwani. Nikasimama na mwiko mu mukono. Nikaanza tena tangu juu. Nikafika pale pale, mukono ikapanda tena. Miaka yote nilikuwa nafanya ile, bamama banacheka, na mie sikujiuliza juu ya nini naifanya pale na haiko fasi ingine. Ba Célestin bila miwani alikuwa anasalimia mbuzi. Hangeweza kusoma herufi moja. Alimaliza ya Kitabu, akatosha miwani, na hakufunga Kitabu, hakubadilisha sauti, akaongea yake. Muntu mwenye anajua kusoma anaona mustari fasi inamalizikia. Mie nilikuwa na masikio tu. Nilijua je fasi Mungu anaachia na fasi catéchiste anaanzia? Lakini macho nilikuwa nayo. Miwani niliiona na macho yangu.

Nikaenda kumutafuta Numbi ku shamba yake, Kasungami. Alikuwa anapandisha matuta, kitenge imefungwa juu ya magoti. “Nilikuya kukuambia kintu,” nikasema. “Ongea,” anasema, “mie nalima.” Nikaongea. Jembe ikaacha kupanda.

“Célestin,” akasema.

“Njo yeye.”

“Ule mwenye alikatala kufika ku kaburi.”

“Ule.”

Akakaa chini mu udongo, miguu mbele kama mutoto. “Angekuya ku mulango yangu,” akasema, “aseme, ‘Mama Numbi, nilikosa,’ ningemutolea kiti. Ningemupa na munkoyo ya kunywa. Yeye akaenda kuitia mu kinywa ya Mungu, juu asiangalie uso yangu.”

“Pengine alisikia haya.”

“Asikie. Mie nililala na maneno yake miaka yote, nafikiri ni ya mwingine.” Halafu akainua kichwa, na ile swali yake njo inanitembeza mu njia ya makala mpaka leo. “Sasa ile jina, Masengo. Kama Mungu hakusema iko nayo, nani iko nayo?”

Numbi alikuwa alishaenda kwa padri mbele yangu, asubuhi ile. Padri ni kijana ya muzuri, naye alitazama mu simu, akamuambia kanisa siku hizi inaachia bale batoto mu huruma ya Mungu. “Huruma ni muzuri,” Numbi akaniambia. “Nikamuuliza, ‘Mon père, na jina?’ Akanibariki.” Akafuta mikono ku kitenge. Akatazama matuta, haikukuwa mie. “Kalenga,” akasema. “Rudilia.”

“Kalenga.”

“Acha kumuleta Célestin. Sema na sauti yako.”

Nilitafuta yangu. Ilitoka ndogo, ya kukauka. “Kalenga.”

“Siku mutanizika, uko unasema ivi: Kalenga, mama yako anakuya. Njo basi. Usiongeze kintu.”

Tulibaki barafiki. Tulikula pamoja, tuligombanisha bajukuu, tulimusema présidente. Lakini hakunilomba tena, hata siku moja, nimusomee. Na mu shirika nilikaa nyuma, simu inasoma, mie najibu Amina kama bantu. Nilikuwa nasikia haya juu yangu, na nilikuwa nasikia haya juu ya Ba Célestin naye, juu sasa nilikuwa najua uzito ya ile miwani mu mukono.

Na sasa tulimuzika. Jua ilikuwa kali, bantu mingi, Bibiche iko mbele anafilmer na simu juu ya batoto ya Numbi benye beko mbali. Bakafika ku maneno ya mwisho, nikasogea ku shimo. “Kalenga,” nikasema, na sauti yangu, “mama yako anakuya.” Njo basi, ilikuwa basi. Lakini bantu bakabaki bananitazama. Banajua Masengo hasemaki maneno mbili na kunyamaza. Binti ya kwanza ya Numbi, ule mwenye alifuata Kalenga na hakujua kama alimufuata, alikuwa na macho ya kuuliza, Kalenga nani? Ile kimya ilikuwa kubwa, na mie sina kiasi mbele ya kimya. Kinywa ikafunguka. Nikamusikia Ba Célestin anatoka, na kiti yake mu ciment: Mutoto mwenye bantu habakumupa jina. Yote. Mpaka mwisho. Bantu bakajibu Amina kama mvua. Bibiche naye, mwenye alitafuta na vidole yake na hakuona, alijibu Amina. Numbi alikuwa mu sanduku, hana namna ya kunikatisha.

Sasa iko mu simu. Bibiche aliituma mu groupe ya shirika, na maua, groupe ikaituma ku paroisse, paroisse sijui ikaituma wapi. Bamama yenye sibajue bananisimamisha mbele ya kanisa, bananishika mikono. Njo maana nazunguka. Lakini haya haikusaidiaka kujificha. Juzi mwanamuke kijana alifika mpaka mulango yangu, simu mu mukono, macho imevimba. Alinisikilizisha mie mwenyewe, pale mulangoni, ile sauti ya muntu mwingine mu kinywa yangu. Alisema aliitafuta mu Biblia yake usiku na muchana, hakuiona, pengine hajui kutafuta.

“Mama, iko mu kitabu gani?”

Ningeweza kumuambia moja yote. Angeniamini. Nikamutolea kiti, akakaa, na nikamuambia, “Mwana yangu, haiko mu kitabu. Ni muntu alisema. Alikuwa alikosea mama moja, na alisikia haya.”

“Muntu gani?”

“Sasa tuko babili.”

Hakucheka. Alitazama simu mu mukono yake, akaizima, akaniomba mayi ya kunywa.